Usiwe Benki ya Safari: Changeni Kabla ya Kuzunguka Mlima

Wazo la kukodi gari la kulala na kuzunguka Mlima Kenya limewaingia vijana wengi hapa Makutano, Meru. Gari lina kitanda nyuma, jiko la gesi na mtungi wa maji. Mnalala mlipofika, asubuhi mnaendelea. Mimi naliunga mkono kabisa. Lakini nina msimamo mmoja ambao najua hautapendwa na kila mtu: kama pesa yote haijachangwa, gari lisiwashwe.

Hebu tuangalie njia yenyewe. Kutoka Makutano mnaelekea Nkubu na kabla hamjafika mmeshavuka ikweta. Mnapita Chuka na Embu katikati ya kahawa na chai, kisha mnateremka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Mbele kuna Makutano nyingine, ile ambapo barabara ya Embu inakutana na ile ya kutoka Nairobi kwenda Nyeri. Hapo mnageukia Sagana, mnapanda Karatina hadi Naro Moru na Nanyuki, mnavuka ikweta mara ya pili, halafu mnarudi Meru kupitia ngano na baridi ya Timau. Mzunguko mzima haufiki kilomita 500. Siku nne zinatosha.

Sasa kwa sababu ni karibu, watu huona haihitaji mpango. Mwenye mshahara anaambiwa, "Wewe lipa kwanza, tutakutumia." Analipia gari, anajaza mafuta, ananunua nyama. Akiishiwa anachukua mkopo wa simu. Wakirudi nyumbani, wale wengine wanaposti picha na yeye anabaki akihesabu deni. Mkopo wa simu hauendi likizo. Ada inaendelea kukatwa hata picha zikiwa zimesahaulika.

Tupige hesabu ya mfano

Tuseme mko wanne. Gari ni sh. 10,000 kwa siku, siku nne ni 40,000. Mafuta 8,000, chakula 12,000, kambi na viingilio 12,000, na dharura 8,000. Jumla 80,000, yaani 20,000 kila mmoja. Bei halisi mtaulizia wenyewe, lakini mnaona picha. Mmoja akilipa yote, anawadai wenzake 60,000. Hiyo si "nitakutumia" tena. Hiyo ni pesa ya kuvunja urafiki.

Lakini 20,000 hiyo hiyo ukiigawa kwa wiki 20, ni 1,000 kila wiki. Mtu akishindwa na 1,000 kwa wiki, mtajua mapema na mtapunguza siku. Ni afadhali kujua mkiwa bado Makutano kuliko kujua mkiwa Nanyuki.

Wapo watakaosema marafiki hawahesabiani. Mbona kwenye chama tunahesabiana? Mbona mchango wa harusi unasomwa mbele ya watu wote, na hakuna anayesema hapendwi? Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hivyo chagueni mweka hazina mmoja na shahidi mmoja. Pesa ikiingia au ikitoka, ule ujumbe wa kuthibitisha unawekwa kwenye grupu siku hiyo hiyo, na shahidi anajumlisha. Hapo hakuna atakayeuliza pesa ilienda wapi.

Lipa kwa akili njiani

Gari: usitume pesa yote kwa sababu umeona picha nzuri mtandaoni. Nendeni mkalione, muulize bima, mjaribu breki na jiko. Malipo ya awali yaende kwa till au paybill ya biashara. Jina likija kwenye simu, lisome kwa makini. Kama si la biashara mliyokubaliana nayo, sitisha.

Mbuga: kama mtaingia mbuga ya KWS, iwe Meru au Mlima Kenya, jueni geti halipokei pesa taslimu. Malipo ni kupitia eCitizen. Lipeni mkiwa mjini, mtandao ukiwa mzuri na simu ikiwa na chaji. Ndani ya msitu mtandao unaweza kupotea, na bila mtandao hata *kod* ya simu haisaidii.

Sokoni: mchele wa Mwea, ndizi za Meru, mboga za Karatina, hizo nunueni kwa wenyeji. Wengi wana till, na kwa kawaida ukilipa kwa till mnunuzi hakatwi ada kama anavyokatwa akituma kwa nambari ya mtu. Hata hivyo bebeni noti ndogo ndogo. Mama wa maembe hapaswi kukosa mauzo kwa sababu simu yako imezima.

Dharura: hii ndiyo watu hukata kwanza bajeti ikibana, na ndiyo mimi nisingeigusa. Pesa ikiisha, kikundi huanza kusema, "Tuendeshe usiku tu, tuokoe pesa ya kambi." Barabara ya Meru na Embu ina miteremko na kona za mito. Julai 2022 basi liliporomoka kutoka daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafariki. Ile sh. 8,000 ya dharura ndiyo inayomruhusu dereva aliyechoka kusema, "Tulale Chuka," bila mtu kununa. Ikibaki, mnaigawa sawa kwa sawa mkirudi.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kubishana nani atakaa mbele, fungueni daftari. Andikeni jumla, gaweni kwa idadi yenu, na kila mmoja atume elfu yake ya kwanza. Atakayesema "lipa kwanza, nitakutumia", mwambieni kwa upole kwamba nafasi yake itamngoja safari ijayo.