Nani Alikuwa Mwajiri Wako? Mchimbaji Mdogo na Tathmini ya Ulemavu

Katika ziara za kuwapelekea wagonjwa Ekaristi Takatifu, tumeingia mara kadhaa katika nyumba za namna moja kwenye vijiji vinavyozunguka machimbo ya Geita na Kahama: chumba kimoja cha bati, godoro sakafuni, na kijana mwenye mabega mapana ambaye miguu yake haimtii tena. Mmoja wao alitusimulia jinsi ukuta wa duara ulivyomwangukia akiwa anasubiri zamu ya kupandisha mawe. Alipokwenda kuuliza kama yupo anayeweza kumsaidia, swali la kwanza halikuhusu mgongo wake. Aliulizwa: nani alikuwa mwajiri wako? Akakosa la kujibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Swali hilo, ndugu waamini, linaamua mengi kuliko picha ya uti wa mgongo. Tungependa tulitazame kwa makini, kwa kuwa katika ukanda wetu huu wa dhahabu ndilo linalowagawa watu walioumia kazi moja, mwamba mmoja, pengine siku moja.

Tuanze na mwenye jibu. Mfanyakazi aliyeajiriwa katika mgodi mkubwa analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliozaliwa na sheria hiyo ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Michango yote hulipwa na mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Akiumia, hutibiwa kwanza, na muda ambao hawezi kufanya kazi hulipwa sehemu ya mshahara wake. Hali yake ikishatulia, yaani matibabu yakifikia mwisho wa kile yanachoweza kufanya, daktari aliyefunzwa hupima kiasi cha ulemavu uliobaki na kukitaja kwa asilimia. Asilimia 30 au pungufu huleta malipo ya mkupuo. Zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, na huduma za utengamao. Wazee wetu waliofanya kazi Mwadui enzi za sheria ya zamani, ambayo fidia yake ya ulemavu wa kudumu haikuvuka shilingi 108,000, wanaelewa ukubwa wa hatua hiyo. Tunaitaja kwa shukrani.

Lakini hesabu hii yote imejengwa juu ya nguzo mbili: mwajiri na mshahara. Mchimbaji wa duarani hana hata moja. Hulipwa kwa mgao wa mawe, na mawe hayo huenda yakatoa dhahabu au yasitoe kitu. Mwezi huu amenunua pikipiki, miezi mitatu ijayo anakula kwa mkopo wa mama lishe. Kiwango cha ulemavu wake kikitajwa kuwa asilimia 80, ni asilimia 80 ya nini? Mwenye leseni husema kijana ni mtu wa mwenye duara. Mwenye duara husema wao ni wabia, kila mmoja alikuwa akitafuta riziki yake. Ubia huo, tuseme ukweli, huonekana zaidi siku ya ajali kuliko siku ya mgao.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Taifa zima lilishangilia, na kwa haki. Hata hivyo, wengi wanaoumia katika ukanda huu hawaandikwi na gazeti lolote. Huvutwa juu kwa kamba, hupakiwa kwenye pikipiki, na hesabu yao huishia kwa ndugu wanaouza ng'ombe ili kulipia hospitali. Nao wanaovuta vumbi la mawe makarashani huugua mapafu polepole, hadi miaka imepita na mwenye karasha ameshahamia kwenye rashi nyingine.

Je, ni kweli kwamba kijana huyu hakuwa na mwajiri? Tunaomba wanasheria Wakatoliki wa majimbo yetu watusaidie hapa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi hudhaniwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya kadhaa: kwamba anaelekezwa namna ya kufanya kazi au saa za kuifanya, amepewa zana na huyo mwingine, anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sheria haidai karatasi iliyotiwa sahihi. Kijana aliyeshushwa duarani kwa kamba ya tajiri, kwa zamu iliyopangwa na msimamizi wa tajiri, ana hoja inayostahili kusikilizwa. Kumrudisha nyumbani kwa sababu hana mkataba mkononi ni kumhukumu kabla ya kesi.

Akikosa mlango huo, unabaki ule wa kaya maskini kupitia TASAF. Hapa kipimo ni kingine kabisa. Inayotazamwa kwanza ni kaya: majina hutajwa katika mkutano wa kijiji, hali ya makazi na mali huhojiwa, na orodha hurudishwa kwa wanakijiji waithibitishe. Ni utaratibu wenye hekima, kwani jirani huona mengi asiyoyaona ofisa. Lakini machimboni jirani ni nani? Kijana ametoka Maswa au Sengerema, amefuata rashi, na kijijini hapa hatajwi kwa sababu hafahamiki. Kwao hatajwi kwa sababu hayupo. Akifahamika, huenda ikasemwa kwamba dhahabu alipata akaitapanya, au kwamba ajali ile ilikuwa malipo ya kafara. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza kwanza ni nani aliyetenda dhambi. Majirani wakabishana kama ndiye, wazazi wakaitwa kutoa ushahidi. Bwana alikuwa tayari amemponya.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inauona ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa fursa ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au hata za kijamii. Sisi wa Shinyanga tunaielewa bila mwalimu: watoto wenye ualbino waliopelekwa Buhangija hawakufukuzwa makwao na ngozi yao, walifukuzwa na watu. Kwa kipimo hicho kijana wetu anahesabika bila shaka yoyote. Tatizo ni kwamba kuhesabika huko hakumletei pensheni. Kunaweza kumfungulia mkopo katika ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri, nao ni mkopo wa kurejeshwa.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zote, na kwamba mfanyakazi anastahili bima dhidi ya ajali kazini. Nao vibarua wa mwisho katika mfano wa shamba la mizabibu walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri, wakalipwa dinari kamili. Tunalisema hili tukijua kwamba nasi hatuko mbali na kosa lile: mara ngapi mfiwa amefika parokiani, nasi tukaanza kwa kuuliza kadi ya zaka?

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo walioko machimboni, jambo moja ni la haraka. Ajali ikitokea, andikeni siku hiyohiyo tarehe, mahali, jina la mwenye duara na mashahidi wawili, tunzeni vyeti vya hospitali, pelekeni taarifa. Sheria ya fidia inataka ajali iarifiwe ndani ya miezi 12. Kijana yule wa godoro sakafuni aliumia miezi 19 iliyopita, na hadi tulipomtembelea hakuna aliyekuwa ameandika mstari hata mmoja.