Tusifundishwe tena odinatere kwa chaki



Mtu akitaka kujua kazi ya kesho inafanana namna gani, apite Birere saa tatu ya asubuhi. Pembeni ya vitenge, sabuni na mifuko ya unga, kuna kijana kwenye meza ndogo, mbele yake telefone iliyofunguliwa. Anabadilisha kioo, anatafuta ni wapi umeme umekatika ndani. Karibu yake, dada wa sekretaria anapiga TP za wanafunzi na kuzitoa kwenye karatasi. Hatua mbili mbele, mwengine yuko chini ya parasoli, anatuma na kutoa pesa: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Wengi wao hawakujifunza ile kazi kwa masomo. Walijifunza kwa kaka, kwa rafiki, kwa video walizofungua na mega za kununua.

Sasa ingia darasani. Programu ya leta kwa darasa la saba na la nane imeandika wazi teknolojia na informatiki, pamoja na fizikia. Kwa karatasi, iko sawa. Lakini wengi kati yetu tulijifunza odinatere kwa chaki. Mwalimu alichora klavye kwenye ubao, akachora ekra, akaandika majina kwa Kifaransa, sisi tukakopi. Siku ya mtihani tuliandika klavye ni nini, tukapata pointi. Siku ya kwanza mbele ya mashine ya kweli, hatukujua tuiwashe wapi. Hatumlaumu mwalimu, naye hakuwa na mashine. Lakini kwenye karatasi ya malipo kulikuwa mstari wa informatiki, na wazazi waliulipa kila mwaka.

Hapa njo swali letu iko: ile pesa iliingia wapi?

Wengine watasema: mji uko na vita, watu wana njaa, na ninyi munaongea mashine? Tunaelewa. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, 2021 tukakimbia tena, na mwezi wa Januari 2025 M23 ikachukua Goma. Lakini tukumbuke kilichofuata. Benki zilifunga milango, na pesa ikatembea kwa telefone. Mama muuzaji anayejua kusoma ujumbe, kuficha kodi yake na kutambua ujumbe wa uongo, alilinda mtaji wake. Asiyejua ilibidi ampe mtu mwengine telefone pamoja na kodi, abaki akiomba Mungu. Ni vilevile kwa picha za zamani zinazotumwa kwenye WhatsApp kama za leo, mtaa mzima ukakimbia. Kujua kuhakikisha habari ni usalama. Juu ya vita njo tunahitaji elimu hii zaidi.

Kuna jambo lingine linalouma. Koltani ya Rubaya, hapo Masisi, Umoja wa Mataifa inakadiria ni karibu 15% ya tantali inayochimbwa duniani. Inaingia ndani ya telefone za watu wote. Mtoto wa Masisi anachimba, mtoto wa Birere anatengeneza telefone iliyoharibika. Kati ya shimo na ile meza kuna kazi nyingi: kupima madini, kuchora, kuunda vyombo, kuandika programu. Karibu zote zinafanyiwa mbali. Sisi tuko mwanzo wa njia na mwisho wa njia. Katikati, pale pesa iko, hatuko.

Na tusidanganywe kwamba shida ni umeme tu. Tangu Desemba 2015, maji ya Matebe, kule Rutshuru, yanatoa umeme, na nguzo zake zimefika mjini. Masomo mengi yanaziona kila siku kupitia dirisha.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja mradi wa wazungu.

Kwanza, maprefe na komite za wazazi mubandike mlangoni: pesa ya informatiki imeingia ngapi, na imenunua nini. Kama hakuna mashine, isiombwe tena. Na kwa shule za msingi za leta, Katiba, artikle ya 43, iko wazi: masomo ni ya bure.

Pili, masomo ya kartie moja yaungane kwa chumba kimoja. Tupige hesabu: mashine 10 za okazio, wanafunzi wawili kwa kila moja, saa 8 kwa siku, siku 6. Hao ni wanafunzi 960, kila mmoja na saa yake moja kwa juma. Si nyingi, lakini inapita mbali klavye ya chaki.

Tatu, mafundi wa Birere waitwe darasani, na wafinalisti wafanye staji kwenye meza zao. Mwalimu anajua kwa nini, fundi anajua namna gani. Mtoto anahitaji wote wawili, na fundi alipwe, juu ya muda wake ni mkate wake.

Nne, wasichana wapewe nafasi yao. Hesabu wadada kwenye meza za mafundi, utaona ni wachache. Saa zao ziwe mchana, ili wafike nyumbani kabla ya giza.

Hatusemi mashine itachukua nafasi ya kusoma na kuhesabu. Mtu asiyesoma vizuri atadanganywa kwenye ekra sawa vile anadanganywa sokoni. Mwalimu naye alipwe, kama sivyo hata mashine 100 zitalala chini ya vumbi.

Sasa ni zamu yako. Juma hili, nenda kwenye masomo ulikotoka, watatu au wane, kwa heshima, bila kelele. Omba kuonyeshwa chumba cha informatiki. Kama kipo, shukuru, uliza saa za wanafunzi ni ngapi. Kama hakipo, acha barua yenye swali moja tu: pesa ilinunua nini? Kisha rudi baada ya juma moja kuchukua jibu. Wasipojibu, rudi tena, na mara hii uende na wazazi.