Kipaimara Si Mahafali

Askofu anapokuja huku kwetu Nalasi, kanisa hujaa mpaka wengine wanasimama nje chini ya miembe. Vijana wamevaa nyeupe, wazazi wamechinja, mpiga picha ameitwa kutoka Tunduru mjini. Askofu anaweka mikono, tunaimba, tunakula pilau. Jumapili inayofuata njoo uhesabu. Mabenchi ya vijana yana nafasi. Jumapili ya nne waliobaki unaweza kuwataja kwa majina bila kuvuta pumzi ya pili.

Tumezoea kuilaumu simu, kuilaumu bodaboda, kuilaumu mnada wa korosho unaowapa vijana fedha mkononi. Mimi nasema sisi wazazi ndio tuliowafundisha kuondoka. Kipindi chote cha mafundisho tunawaambia, "Vumilia, mwanangu, umalize." Neno hilo "umalize" mtoto analishika kuliko katekisimu yote. Anaelewa kwamba kipaimara ni kama mtihani wa darasa la saba: ukishafanya, unaweka madaftari juu ya kabati, unakwenda zako. Tena akitutazama anaona kuwa ni kweli, maana na sisi tulimaliza zamani. Mimi nilipata kipaimara kijana, na kwa miaka mingi Neno nililolijua ni lile tu lililosomwa madhabahuni Jumapili. Sehemu ya miaka hiyo nilikuwa mzee wa kanisa. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa wenzangu walikuwa vilevile.

Jambo hili ukiligusa, utajibiwa kwa njia mbili. Wengine watasema, sisi ni Wakristo wa zamani, babu zetu walibatizwa na wamisionari wenyewe, unatufundisha nini? Wengine, hasa wanaosoma, watakuambia kwamba wokovu ni neema. Kristo msalabani alitangaza kwamba kazi imetimia. Wewe ni nani hata useme kuna kilichobaki?

Hawa wa pili wana hoja, nami siichezei. Deni lililipwa, halina baki. Lakini Yohana aliyetuandikia tamko lile la msalabani anatuandikia pia, sura moja tu mbele, kwamba jioni ya siku ya kufufuka Bwana aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu wake, kisha papo hapo akawatuma. Yeye amemaliza, na kwa sababu amemaliza, wao wanaanza. Anayechukua la kwanza na kuliacha la pili hajaitetea neema, ameigeuza kiti cha kukalia.

Tuache vitabu, tumtazame mtu wa huku kwetu. Cecil Majaliwa alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akalelewa na misheni ya UMCA Unguja. Siku alipoachiwa huru alikuwa huru kabisa. Hakuna mtu aliyeweza kumdai hata senti ya uhuru wake. Angeweza kukaa Unguja, akaishi kwa amani, akashukuru Mungu kila Jumapili. Nani angemlaumu? Alisoma, akapewa ushemasi mwaka 1886, akarudi bara, kwa Wayao, akafanya kazi Chitangali. Mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misheni ile. Alirudi kwa miguu katika nchi ambayo biashara ya watu ilikuwa bado haijafa. Hakurudi ili akombolewe mara ya pili. Alirudi kwa sababu alikwisha kukombolewa.

Sasa nije kwa wanaojivunia ukale. Ndugu zangu, mnajivunia watu ambao wenyewe hawakusema wamefika. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la waliokombolewa, wakashuka Lindi, wakaingia bara. Shabaha ya misheni ilikuwa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi watu wakaona wamekaribia kwao, wakaomba kukaa, wakakaa. Sina neno nao. Walikuwa wamechoka, na ardhi ilikuwa nzuri. Masasi imetuzaa sisi wengi. Lakini Masasi haikuwa Nyasa, na mwaka 1882 Wangoni walipoishambulia, wengine wangeweza kusema basi, tumefanya ya kutosha. William Percival Johnson, aliyeingia kazini mwaka uleule wa 1876, alisonga mbele mpaka ziwani. Jicho moja likapofuka, la pili likawa linaona kwa shida, naye akaendelea kuzunguka vijiji vya pwani ya ziwa. Alifariki mwaka 1928 na amezikwa Liuli, mkoa wetu huuhuu wa Ruvuma. Miaka hamsini na miwili! Paulo naye, akiwa kifungoni, makanisa mengi nyuma yake, aliwaandikia Wafilipi kwamba bado yuko mbioni. Sisi tumefika wapi, na kwa njia gani?

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba jambo hili sisi tunalijua shambani. Hakuna mkulima wa korosho hapa anayesema mkorosho wake "umemaliza" kwa kuwa umezaa mara moja. Unapalilia, unapogolea, unapulizia salfa kabla ubwiri unga haujakamata maua, na mwakani unaanza upya. Mkorosho ulioachwa haufi haraka. Unasimama, una majani, kivuli kipo, mpita njia anaweza kuusifu. Mwenye shamba ndiye anayejua kwamba pale hapana kitu. Na jirani zetu Waislamu, tunaokaa nao na kuzikana nao, wanaamka alfajiri kwa adhana kila siku. Sijasikia mmoja akisema sala zake zilikwisha alipohitimu madrasa.

Nitasema na la fedha, ingawa najua nitachukiwa. Msimu huu malipo ya korosho yakitoka, tutaitwa tena kuchangia vigae vya kanisa. Sipingi vigae. Ila kuna mwalimu wa mtaa wa mbali, njia ya kwenda mto Ruvuma, anayetembea kwa miguu kwenda kuzika, kufundisha na kuombea wagonjwa. Masika njia ikikatika, mtaa ule unakaa wiki kadhaa bila ibada. Baiskeli moja ingebadilisha habari hiyo, na kwenye halmashauri tuliiahirisha, mimi nikiwa nimeketi pale nimenyamaza. Tulisema tumalize jengo kwanza. Kumaliza, tena!

Binti yangu mdogo yumo katika darasa la kipaimara la mwaka huu. Sherehe tutafanya, na jogoo atachinjwa. Lakini nimekwisha kumwambia, na mama yake anajua, kwamba Jumapili ya baada yake tutaamka mapema, mimi na yeye, tutakwenda mtaa ule wa mtoni kusali nao. Yeye atasoma somo la kwanza. Mahubiri ameniomba niandae mimi, nami nimeanza kuisoma Injili ya Marko tangu mwanzo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nipo sura ya sita. Mwenye baiskeli ya kutuazima aseme mapema.