Rili ya mjomba, na mchoro ambao sikumwachia mtu

Nimepotea hapa karibu mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa, wala stima haikupotea Voi (ilipotea, lakini si sana). Nilikuwa na kazi ya mteja iliyokataa kwisha, halafu katikati yake mjomba wangu akaniletea kazi nyingine isiyo na tarakilishi hata kidogo. Leo nawasimulia hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonitia aibu juu ya ile ya kwanza.

Mjomba anakaa Taveta. Zamani alifanya kazi Pwani, kwenye mashua zinazowapeleka watalii kuvua baharini, na alipoacha kazi alipewa fimbo ya kuvulia pamoja na rili yake. Kwa wasioijua, rili ni ile mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo, yenye mkono wa kuzungusha, inayoviringisha mshipi. Siku hizi anaenda nayo Ziwa Jipe kutafuta kambare. Wengine pale wana nyavu na mitumbwi, yeye husimama nchi kavu na fimbo yake, mbali na mamba na viboko, au ndivyo anavyosema. Kambare mmoja mzuri ni kitoweo cha nyumba nzima. Akipata wawili, mmoja unauzwa. Kwa hiyo msidhani ni mchezo wa mzee.

Rili ilikuwa na maradhi mawili. Kwanza, mshipi ulikuwa unakatika kila mara. Pili, samaki akivuta, mkono ulikuwa unateleza na kurudi nyuma. Mjomba alikuwa amekwisha badilisha mshipi mara tatu, akidhani anauziwa mshipi mbovu. Duka moja huko Mombasa likamwambia aitupe, anunue mpya. Akauliza bei, akashukuru, akaondoka. Juma lililofuata akapanda matatu mpaka Voi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyesomea mashine?"

Nikamweleza, kwa mara ya mia, kwamba nilisomea sayansi ya tarakilishi.

"Kwani tarakilishi si mashine?"

Hapo nikanyamaza.

Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Ameitunza miaka yote hiyo pamoja na kitambulisho chake. Ilikuwa mchoro wa rili iliyopasuliwa: kila skrubu, kila springi, kila washa imechorwa mahali pake ikiwa na nambari. Ishikeni karatasi hiyo akilini, tutairudia.

Kwanza niwaeleze jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, maana ni kitu cha akili sana. Mshipi unakaa kwenye bobini, kama uzi wa cherehani. Ukizungusha mkono, gia kubwa inazungusha gia ndogo, na gia ndogo inauzungusha upinde wa waya kuizunguka bobini. Bobini haizunguki, inapanda na kushuka tu ili mshipi ujipange. Inazunguka pale tu samaki mkubwa anapovuta kushinda breki, na breki yenyewe ni washa zilizopangwa na kubanwa na kifundo cha juu. Rili ya namna hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1905, na aliyeibuni, Alfred Illingworth, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo. Sasa mmejua kwa nini naitaja cherehani.

Kazi niliifanya barazani, Jumamosi, kwa vifaa hivi: bisibisi mbili, mswaki mzee, kitambaa kisichotoa nyuzi, mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, mafuta ya cherehani, grisi, na trei ya mayai. Trei ndiyo muhimu kuliko vyote. Kila kipande unachotoa kinaingia kwenye shimo lake kwa mpangilio, cha kwanza shimo la kwanza, cha pili la pili. Kabla ya kutoa kipande piga picha kwa simu. Wenzangu mnaoandika programu mtaelewa: ni kama kuhifadhi kila toleo la kazi yako kabla ya kubadilisha kitu, ili ukipotea ujue njia ya kurudi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Fungua kifundo cha breki, toa bobini. Washa za breki zitoe moja moja na uzipange kama zilivyokuwa, kwa sababu ukizirudisha vibaya breki haitashika. Fungua mkono, kisha kifuniko cha ubavuni, toa gia. Grisi ya zamani isugue kwa mswaki na mafuta ya taa (mbali na jiko, tafadhali), kisha kausha kabisa. Kwenye meno ya gia pakaa grisi nyembamba. Kwenye beringi na sehemu ndogo zinazozunguka tia tone moja la mafuta ya cherehani. Grisi nyingi si wema. Huifanya rili kuwa nzito, na vumbi hupata mahali pa kukaa.

Kwa mnaovua baharini: mkirudi nyumbani kazeni breki kwanza, ndipo muisuuze rili kwa maji baridi yanayotiririka taratibu. Msiipulizie maji kwa nguvu, maana mtaisukuma chumvi ndani. Ikikauka, legezeni breki kabla ya kuiweka, washa zisilale zimebanwa.

Sasa, nilikuwa najisifu moyoni jinsi kazi inavyokwenda vizuri, nikagusa skrubu ya upinde wa waya bila kutazama mchoro. Springi ikaruka. Niliisikia ikigonga ukuta, kisha kimya. Mnaolijua vumbi jekundu la Voi mnajua maana ya kuangusha springi ndogo ndani yake. Mjomba hakusema neno. Aliinua kikombe chake cha chai, akanywa, akakiweka chini. Afadhali angenigombeza.

Nilikumbuka nina diski kuu iliyokufa ndani ya sanduku la takataka zangu za kazi. Ndani ya diski hizo kuna sumaku kali sana. Nikaipasua, nikaifunga sumaku kwenye kijiti, nikaifagilia baraza yote na sehemu ya ua. Baada ya nusu saa hivi nilikuwa nimepata misumari miwili, kizibo cha soda, na springi.

Na maradhi je? Mkono ulikuwa unateleza kwa sababu ya wema wa mtu. Ndani kuna beringi ya njia moja, yenye vigurudumu vidogo vinavyokaza mkono usirudi nyuma. Mtu fulani, akidhani anasaidia, alikuwa ameijaza grisi nzito, na vigurudumu vikashindwa kushika. Nikaisafisha, nikaikausha, nikaiacha karibu kavu. Ikapona.

Mshipi kukatika kulinifunza zaidi. Pale mshipi unapopita kwenye upinde kuna kigurudumu chenye ukubwa wa punje ya hindi, ambacho hutakiwa kuzunguka mshipi unapoingia. Kilikuwa kimeganda kwa chumvi ya zamani na vumbi. Mshipi ukawa unasugua mahali pamoja, ukachimba mfereji mwembamba, na ule mfereji ndio uliokuwa unaukata. Mjomba amenunua mishipi mitatu mizima kwa ajili ya punje moja ya hindi. Nilikisafisha, nikausugua ule mfereji kwa msasa laini mpaka ukucha haukwami tena, nikatia tone la mafuta. Siku kitakapokataa kabisa, nambari yake iko kwenye mchoro, tutaagiza kingine.

Hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Ni rahisi nijisifu kwamba nimetengeneza rili. Ukweli ni kwamba iliyoitengeneza ni ile karatasi. Mtu mmoja kiwandani, miaka mingi iliyopita, alikubali kwamba siku moja mnunuzi atataka kufungua alichonunua, akamwachia njia. Hakumjua mjomba, wala hakuwahi kuisikia Taveta.

Mimi ninaowajua wateja wangu kwa majina, nimewaachia nini?

Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo hapa kwetu ambacho nilikiandikia programu ya kuweka hesabu za wanachama. Inafanya kazi vizuri. Lakini wakitaka kubadilisha kiwango cha riba, lazima wanipigie simu. Sikuandika popote jinsi inavyofanywa, na nakiri haikuwa kusahau tu. Kila simu ni pesa. Mwaka jana nilikwenda matangani mahali pasipo na mtandao, programu ikagoma, na kwa siku mbili hakuna aliyeweza kupewa mkopo. Niliporudi nikaambiwa kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anangojea karo ya mtoto. Nilirekebisha kosa kwa dakika kumi. Nilijiona shujaa, na malipo nikapokea.

Najua mtakayonijibu. La kwanza, wateja wakipewa mchoro wataharibu. Kweli, wataharibu. Mimi na shahada yangu niliirusha springi ya mjomba ukutani, kwa kutotazama mchoro uliokuwa mbele yangu. Lakini aliye na mchoro hujua kilichopotea ni nini na kinakaa wapi. La pili, tutakula nini? Tazameni mafundi wa magari walioko kando ya barabara kuu hapa Voi. Injini ya matatu haina siri, yeyote anaweza kuinua boneti akaitazama, na bado mafundi hawakosi kazi. Watu huwalipa kwa mkono wao na muda wao. Fundi anayeishi kwa kumficha mwenye gari ufunguo wa boneti si fundi.

Na sisi Waswahili wa mitandaoni tuna ushahidi wetu. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. OpenOffice ilikuwa programu huria, msimbo wake uko wazi, wakafungua, wakatafsiri. Mchoro ulikuwepo.

Huko Ulaya jambo hili limefika mpaka kwenye sheria: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kurekebisha vitu, inayowagusa watengenezaji wa mashine za kufulia, simu na bidhaa kadhaa nyingine. Rili za kuvulia hazimo, wala programu za chama changu hazimo. Lakini sidhani tunahitaji kungojea sheria ili tuandike kurasa chache.

Mimi nimeandika kurasa sita, kwa Kiswahili, zenye picha. Juzi nilikaa na katibu wa chama, akabadilisha riba mwenyewe, akakosea, akasoma, akarudisha. Aliniuliza kwa nini sikumpa karatasi hizi tangu mwanzo. Nilimwambia nilikuwa na kazi nyingi.

Mjomba alipiga simu Jumapili. Mshipi haujakatika. Kambare hajapatikana pia, lakini hilo, anasema, si kosa la rili.

Haya, nirudi kwenye ile kazi iliyokataa kwisha. Nawe msomaji mwenye wateja, hebu niambie: ukiondoka siku mbili, nani anaweza kufungua ulichowauzia?