Ufa wa Flash na Lugha ya Ilani

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yasadifu maisha ya tarakilishi ya mezani katika enzi ya Flash, programu-jalizi iliyoviwezesha vivinjari kuonyesha video, michezo na masomo yenye picha zinazosonga. Macromedia iliitoa kwa jina hilo mwaka 1996, na Adobe ikaimiliki ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2005. Kwa kuwa wahalifu wa mtandaoni hawakuchoka kuzitafuta nyufa zake, Adobe ilitoa matoleo ya kuziziba mara kwa mara.

Jukumu la kusasisha lilimwelemea mtu wa mashambani zaidi. Gachoka, katika nyanda kame za Mbeere huko Embu, ni mfano mwafaka. Wenyeji wake wanajua maana ya kukaa karibu na kitu pasipo kukimiliki: tangu bwawa la Kindaruma lianze kuzalisha umeme mwaka 1968, nyaya kutoka mto Tana zimepita karibu na nyumba nyingi zilizokaa gizani miaka na miaka. Flash nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mtumiaji wa Internet Explorer na Firefox alihitaji kusasisha mara mbili, kwani kila kivinjari kilikuwa na toleo lake. Ilani nazo hazikuja kwa Kiswahili. Asiyezielewa aliahirisha, akauacha ufa wazi. Au alikubali yote, hata programu ya ziada iliyokwisha kutiwa alama ya kukubaliwa. Matapeli nao waliziiga ilani hizo, wakaeneza virusi kwa jina la Flash.

Wapo watakaodai kuwa Mkenya husoma kwa Kiingereza, hivyo tafsiri ni anasa. Hoja hii haina mashiko. Kiingereza cha darasani si cha ilani za usalama, na mkulima anayetafuta bei ya ndengu mtandaoni hastahili kuadhibiwa kwa lugha.

Hata hivyo, mapenzi ya lugha pekee hayangetosha. Flash ilikuwa mali iliyofungwa. Ni mwenyewe tu aliyeweza kuibadilisha. Kinyume chake, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice ikawa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwa kuwa ilikuwa programu huria.

Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na tarehe 12 Januari 2021 ikaanza kuyazuia maudhui yake. Hata aliyesasisha kwa uaminifu alifungiwa masomo yake. Baadhi ya masomo hayo sasa hufufuliwa na Ruffle, ambayo nayo ni programu huria.

Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Wanafunzi wafunzwe kutafsiri ilani, si mashairi na riwaya pekee, na masomo ya Kiswahili yahifadhiwe katika miundo iliyo wazi kwa wote. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.