Tarbushi ya Mutesa Haikuwa ya Kuazima

Kuna imani moja Kampala inayonichosha: kwamba Kabaka Mutesa wa Kwanza halisi ni yule wa 1862 mwenye lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, na yule wa 1875, mwenye tarbushi na joho, ni Mganda aliyeharibiwa na Waarabu. Ukidai ushahidi, unaonyeshwa picha kutoka kitabu cha Speke, mpelelezi Mwingereza.

Haya, tuitazame. Speke aliingia kwenye ikulu ya Banda Februari 1862, pale ambapo leo magari ya Jinja Road hukwama chini ya Kyambogo. Picha nyingi za kitabu chake zilitokana na michoro ya mwenzake, Grant, ambaye mguu mgonjwa ulimweka Karagwe hadi Mei. Michoro ikafika London kwa Zwecker, mchoraji Mjerumani aliyeijua Buganda kwa karatasi za wengine. Baada yake wachongaji wakaikata kwenye mbao. Kila mkono una mazoea yake.

Wala hawakutuonea sisi tu. Miaka ya 1730 mchongaji Vertue aliwachonga wafalme wa Uingereza kwa ajili ya kitabu cha historia cha Rapin, akiwemo William Mshindi, aliyefariki 1087. Sura aliipata wapi? Wasomaji walitaka nyuso, wakapewa nyuso.

Ajabu ni kwamba maneno ya Speke mwenyewe yanawaumbua wanaomtegemea. Alimkuta Mutesa amevaa lubugo, ndiyo, lakini amekalia blanketi jekundu, na mkononi ana hariri iliyotariziwa dhahabu, akifunika mdomo kila anapocheka. Hariri haibanduliwi kwenye mti wa mutuba! Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika ikulu tangu enzi za baba yake, Suuna.

Na yule wa 1875? Mwaka huo mpelelezi mwingine, Stanley, alikuja na kamera. Mchoro wa kitabu chake cha 1878 ulichongwa kutokana na picha aliyompiga Mutesa pamoja na wakuu wake, na mavazi yale Kabaka alijichagulia. Alijua Kiswahili na Kiarabu, alifunga Ramadhani; kisha, karibu na 1876, vijana Waislamu walipothubutu kumpinga, akaamuru wauawe Namugongo. Huyo ndiye kibaraka wa Waarabu?

Kama hamu ni lubugo, ipo hai. Watu wa ukoo wa Ngonge bado wanalipiga gome kwa nyundo huko Mawokota, na UNESCO iliitambua kazi yao mwaka 2005. Kwao hakuna haja ya kupitia kwa Zwecker.