Pumzi ya mwanachama iingie kwenye hesabu

Kwenye mikutano ya koperative zetu hapa Majengo tunahesabu kila kitu: mbegu, mifuko, bei ya maharagi kwenye soko ya Virunga. Pumzi ya mwanachama haimo kwenye orodha. Sisi tunaona inapaswa kuingia.

Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Jua likiwaka, vumbi nyeusi inapanda; mvua ikinyesha, watu wanafunga mlango na mbabula iko ndani. Bamama wanaochambua maharagi kwenye depo wanashinda katika vumbi. Shambani kuna dawa ya pompe, kuna nyuki. Kwa mwenye pumu, kila kimoja kinaweza kuleta shida. Na makala ina ubaya mwingine: hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini.

Kinga haingoji mradi. Tuchambue nje. Mbabula ilale nje. Anayepiga pompe aupe upepo mgongo na afunike pua na mdomo.

Shida ikifika, mtoe mgonjwa kwenye vumbi ao moshi. Akihema kwa shida, asilazwe: akae, aegemee mbele kidogo, nguo zilegezwe, watu wasimzunguke. Kama ana dawa yake ya kuvuta, asaidiwe kuivuta. Asinyweshwe maziwa wala mafuta. Akishindwa kumaliza sentensi, ao midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja. Vilevile kama uso na ulimi vinavimba nyuma ya kuumwa na nyuki ao kula karanga: huyo anahitaji sindano ya adrenalini, vidonge peke yake havitoshi.

Hapo ndipo dakika zinapotea: nani atalipa usafiri? Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila koperative itenge feza kidogo ya usafiri wa mgonjwa. Wanachama wawili wafundishwe msaada wa kwanza. Na kamati iulize kituo cha afya sasa hivi, si siku ya shida, kama adrenalini iko.

Mtunza kese atasema feza ni kidogo. Ni kweli. Lakini pompe tulichangia, tukaipata. Anayeibeba mgongoni naye tumchangie. Mkutano ujao, jambo hili litangulie bei ya mifuko.